Filamu Isiyotiwa Sauti

"Sikiliza hii sasa," Heng mwenye duka alisema, akaongeza sauti.

Bomu likalipuka dukani. Vioo vya kabati vikatetemeka, feni ya mezani ikasogea kidogo yenyewe, na Prayong akajikuta ameshika kifua kwa mkono mmoja na kikapu kwa mkono wa pili. Mwanamke aliyekuwa akichagua balbu mlangoni aliinua kichwa, akasonya, akaendelea kuchagua.

"Umeisikia?" Heng aliuliza, uso wote umejaa furaha, utadhani bomu alilitengeneza yeye.

"Nimeisikia mbavuni. Watu wanaongea saa ngapi?"

"Watu gani?"

"Wa kwenye filamu. Wamo watu humo, au ni mabomu matupu?"

"Mama, siku hizi wateja hawanunui maneno. Wananunua besi." Lakini alimwonea huruma, akabonyeza rimoti hadi mahali ambapo mwanamume na mwanamke walikuwa wakiagana darajani, mvua inanyesha.

Prayong alifumba macho. Maneno yalikuja safi, kila moja na uzito wake. Mvua nayo ilimnyeshea kisogoni, hata akageuka kutazama kama ndizi zake alizoacha kibarazani zinalowa. Jua lilikuwa kali. Heng akacheka hadi akakaa.

"Hizo ni spika za nyuma, Mama! Zimekupata!"

Zilikuwa spika tano nyembamba, sabufa moja yenye taa za bluu, na deki iliyong'aa kama sahani ya harusi. Chini ya meza hiyo hiyo, kati ya mafeni mabovu, kulikuwa na amplifaya ya zamani yenye ubao pembeni na spika mbili kubwa zilizotoka katika baa iliyofungwa. Ilikuwa na vitufe vinene vya kuzungusha, na mbele yake tundu la maiki. Prayong aliigusa kwa ncha ya kandambili.

"Na hii?"

"Hiyo ni mzee mwenzangu. Inaongea, lakini haina mambo ya nyuma wala pembeni. Kila kitu kinatoka mbele, basi." Heng aliinama, akapuliza vumbi. "Bei yake ni nusu. Ila wewe unataka ya nani? Yako au ya Mwalimu Thawin?"

Mji mzima ulimwita Thawin, mume wake, mwalimu, ingawa hakuwahi kusimama mbele ya ubao.

"Yake."

"Basi usimnunulie mtu kama yule kitu cha kulialia. Yule alikuwa akisikia waya umelegea kabla ya mwenye mashine."

Hilo lilimmaliza. Pesa alizobeba zilikuwa za kuezeka upya paa la jikoni kabla ya mvua, na tangu asubuhi alikuwa akijiambia kwamba jiko linalovuja halijaua mtu. Akazitoa zote kifuani.

Ikabaki filamu. Katika boksi la filamu za Kichina za zamani aliipata aliyoitaka, Mpishi wa Jenerali, tena mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya kasha gumu lenye picha ya farasi, imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba imesafishwa upya na kutiwa sauti za Kithai na waigizaji bora wa Bangkok. Ya pili ilikuwa sidi isiyo na kasha, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hiyo ya nailoni achana nayo," Heng alisema. "Kichina kitupu, hakuna Kithai hata cha kuombea maji. Mimi naiwekea glasi ya chai isichafue meza."

Kweli, juu yake palikuwa na duara la chai. Prayong aliirudisha, akanunua ile ya kasha.

Alirudi nyumbani kwa bajaji, amekumbatia sabufa mapajani kama mjukuu anayepelekwa kliniki. Njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake. Alikuwa na hakika kwamba amechagua vizuri.

Sababu ya hakika yake ilikuwa hii. Zamani, gari la filamu lilipofika uwanja wa hekalu na shuka jeupe likatandazwa kati ya mianzi miwili, watu wa kwenye shuka waliongea Kichina, Kihindi, au lugha nyingine isiyojulikana na mtu yeyote pale. Aliyewapa Kithai alikuwa Thawin. Alikaa nyuma kwenye meza ndogo, maiki ameifunga kitambaa cha mirabaraba isinase pumzi, akawa wote: jenerali, mpishi, binti wa mpishi, farasi akihitajika. Mkono mmoja ulishika maiki, mwingine kitufe cha sauti ya filamu. Wakianza kuongea, anawashusha ili maneno yake yapate pa kukaa. Wakinyamaza na farasi wakaanza kukimbia, anapandisha.

Kichina hakujua hata salamu. Hadithi aliipata kwa kutazama midomo na mikono, na pale asipoelewa alitunga. Kwa hiyo Mpishi wa Jenerali waliyoijua watu wa mji ule haikuwa imewahi kuonyeshwa China. Katika yao, bibi ombaomba asiye na meno alikuja mlango wa jikoni, akasema, "Binti, nipe wali. Hata ukoko." Na binti wa mpishi akajibu, "Ingia, Bibi. Ukoko nimekuwekea." Uwanja mzima ulimngoja bibi huyo kuliko jenerali. Thawin mwenyewe alimlalamikia, maana sauti yake ilimlazimu kukunja midomo ndani na kupindisha taya, na usiku kucha taya lilimuuma.

Prayong wakati huo alikuwa msichana wa kuuza ndizi za kuchoma, jiko lake hatua chache kutoka kwenye meza ya maiki. Siku moja jenerali alikuwa anakaribia kumhukumu mpishi kifo. Aliinua upanga, akafungua mdomo, na spika zikasema, "Kabla sijakata kichwa cha mtu, naomba kuuliza. Yule muuza ndizi mwenye blauzi ya kijani, ameposwa?" Umati wote ukageuka. Prayong alijificha nyuma ya jiko hadi ndizi zikaungua. Walipooana, Thawin aliendelea hivyo hivyo hadi uzeeni. Bakuli la pilipili aliliagiza kwa sauti ya jenerali, na akikosea, aliomba msamaha kwa sauti ya binti wa mpishi, nyororo, yenye machozi, na nani angeweza kumnunia binti wa watu?

Halafu kiangazi kilichopita kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, mkono wa kushoto ulirudi. Sauti nayo ilirudi, ila maneno yalitoka yamepinda na yamejaa mate. Siku ya kwanza aliyojikaza kwenda sokoni, muuza barafu alimwambia, "Mzee, asubuhi yote hii umeshalewa?" Hakuwa na ubaya, hakumtambua tu. Watu wawili watatu wakacheka. Thawin alirudi nyumbani na barafu yake, akaiweka mezani, akafunga mdomo. Hakuufungua tena ila kwa chakula.

"Ulimi ni mzima," muuguzi alimwambia Prayong pembeni. "Ila usipotumika utasahau kazi, na ukishasahau, sina dawa. Mfanye aongee, Mama. Kwa chochote."

Prayong alijaribu kumgombeza, kumbembeleza, hata kumpa wali usio na chumvi apate kulalamika. Thawin aliula. Nyumba iliyokuwa na watu kumi sasa ilikuwa na mmoja, naye alikuwa yeye Prayong, anachoka kusikia sauti yake mwenyewe.

Ndipo likamjia hili la spika. Mtu aliyeishi kwa sauti, aliwaza, apewe sauti iliyo bora kabisa.

Jumapili mchana kijana wa Heng alimaliza kufunga nyaya. Jirani yao Samrit alikuja bila kuitwa, na mbegu za maboga kwenye mfuko.

"Mwalimu, leo umeletewa sinema mpaka kitandani! Wengine tukiugua tunaletewa uji tu."

Thawin alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Aliziangalia spika, moja moja, akainua kidole gumba. Prayong aliona macho yake yameng'aa, akaona paa la jikoni si kitu.

Farasi waliingia kutoka nyuma ya kabati la nguo, wakapita juu ya kitanda, wakatokea kwenye televisheni. Samrit alipiga kelele akakumbatia mto. Thawin alicheka bila sauti, mabega yanatikisika. Halafu jenerali akashuka kwenye farasi, akafungua mdomo, akaongea.

Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu mzima mwenye mapafu. Ilikuwa ya mtu mwingine.

Thawin aliacha kucheka.

Mpishi akaongea, mtu mwingine. Binti akaongea, mwanamke halisi wa Bangkok, sauti yake imepigwa pasi. Bibi ombaomba akaja mlango wa jikoni, akasema kwa ufasaha mkubwa, "Samahani, binti, ipi ndiyo njia ya kwenda mji mkuu?"

"Njia?" Samrit alitema ganda la mbegu. "Njia ya wapi huyu? Huyu anataka ukoko! Prayong, wamekuuzia feki!"

"Nyamaza, Dada."

"Ninyamaze nini, bibi wa watu hajala!"

Thawin alichukua rimoti kwa mkono wa kulia. Akapunguza sauti mpaka jenerali akawa anatafuna hewa. Kidogo akaipandisha, farasi wakapita. Akaipunguza tena. Alifanya hivyo mara nyingi, macho hayabanduki kwenye kioo, na Prayong, ambaye alikuwa ameanza kuumia, aliona kwamba anamchezea kitu cha ghali kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Filamu haijafika nusu, Thawin alizima kila kitu. Akageukia ukutani.

Samrit alikunja mfuko wake polepole. "Spika lakini nzuri," alisema mlangoni, kwa upole, akaondoka.

Prayong alikwenda jikoni akalia. Alililia paa, alimlilia mume wake, na alilia kwa hasira pia, maana alikuwa amechagua kwa moyo wote na amechagua vibaya, na hakujua ni wapi alipokosea. Angejua kosa, angelia kidogo tu.

Alilijua asubuhi, sokoni, akiwa ameinamia jiko la mkaa. Ndizi ukizibana kwenye waya haziivi pembeni, kwa hiyo mkono wake ulikuwa ukizisogeza bila yeye kufikiri, hii huku, ile kule, kila moja ipate nafasi. Vidole vikasimama hewani. Alikumbuka kidole gumba cha Thawin kwenye rimoti. Wakiongea, anashusha. Farasi wakikimbia, anapandisha.

"Mungu wangu," alisema, "hakuwa anachezea."

"Nini?" aliuliza mteja.

"Alikuwa anawanyamazisha! Aliwanyamazisha wale wa Bangkok apate pa kukaa, na mimi nikamnunia!"

"Mama, ndizi."

Ndizi zilikuwa zinaungua. Alimpa mteja zilizopona, akamkabidhi muuza mboga jirani jiko lake, akaenda nyumbani kuita bajaji.

Heng alipoona sabufa na zile spika tano zinashushwa mlangoni kwake, alishika kiuno.

"Imeharibika?"

"Nzima kabisa. Deki nabaki nayo, naomba unipe ile mzee mwenzako."

"Ile ya baa?" Heng alitazama huku na huku kutafuta shahidi. "Mama, unarudisha gari jipya uchukue mkokoteni?"

"Gari jipya lina watu wengi mno ndani. Hakuna siti."

Heng hakuelewa, na Prayong hakuwa na pumzi ya kueleza vizuri. Alionyesha tundu la maiki. Akaonyesha mdomo wake. Akasema jina la Thawin, kisha akasema, "Ile filamu ya Kichina kitupu. Iko wapi?"

 Heng alikuwa na umri wa kutosha kuwa amewahi kukaa juu ya mabega ya baba yake kwenye uwanja wa hekalu. Aliinua glasi ya chai iliyokuwa mezani, akaitoa sidi chini yake, akaifuta kwa fulana mbele, akaifuta nyuma, akaipumulia, akaifuta tena.

"Hii siuzi," alisema. "Ichukue tu. Na spika nitakuletea mwenyewe jioni nikifunga duka, usizibebe kwenye bajaji, zina kilo hizo. Maiki je, unayo?"

"Ninayo."

"Waya wake mrefu?"

"Wa kufika mezani."

Alimrudishia pesa zilizozidi. Prayong alizifunga kwenye kona ya leso, akapita kwa muuza maua.

Kabla ya kila onyesho, tangu ujana wake, Thawin alikuwa akiwasalimia walimu wake. Maiki ilivikwa shada la yasmini, vijiti vya udi vikawashwa, naye akaunganisha viganja juu ya paji la uso na kuwaomba waliomfundisha wakae karibu naye. Bila hayo hakufungua kinywa, hata gari lichelewe na umati upige miluzi. Prayong alikuwa amemnunulia spika tano na sabufa yenye taa, na shada la maua hakulikumbuka.

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, alifunga mlango wa mbele. Samrit alibisha, akaambiwa arudi kesho. "Kuna nini humo?" "Nimelala." "Unaongea umelala?" Akaondoka akicheka.

Prayong aliweka kimeza kando ya kiti cha Thawin. Juu yake aliweka maiki ya zamani, imefungwa kitambaa chake kile kile cha mirabaraba, amekifua na kukianika. Aliivika yasmini. Aliwasha udi. Hakumtazama usoni, maana aliogopa kwamba akimtazama ataanza kumwomba, na akimwomba atakataa. Alitia sidi kwenye deki, akaenda jikoni, akampa mgongo, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Farasi walikuja, safari hii kutoka mbele tu, kwa sauti nene yenye mikwaruzo kidogo. Jenerali akashuka, akaongea Kichina. Kimya nyuma yake. Prayong alisugua sufuria. Mpishi akaongea Kichina. Kimya. Alisikia kiti kikilia, kisha harufu ya yasmini ikawa kali kidogo kana kwamba mtu ameinua ua, lakini huenda ilikuwa upepo.

Kisha Kichina kikashuka. Kilishuka taratibu, kwa kitufe cha kuzungusha, hadi kikawa mnong'ono.

Ndani ya spika zile mbili mtu alivuta pumzi. Prayong aliisikia ikitetemeka kwenye kitambaa. Halafu sauti ikatoka, imepinda, ina mate, haina meno hata moja.

"Binti," ilisema. "Nipe... wali."

Prayong alishika ukingo wa karai kwa mikono miwili.

"Hata... ukoko."

Ilikuwa ni bibi. Alikuwa bibi yule yule wa uwanjani, ila safari hii Thawin hakuwa amepindisha taya kumtafuta. Alikuwa hapo hapo, tayari, amekaa miezi yote akingoja mlango ufunguliwe. Prayong alicheka na kulia mara moja, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

Akangoja jibu la binti. Halikuja. Badala yake ilisikika pumzi tena, na mkwaruzo mwembamba, jaribio la kupanda juu kwenye ile sauti nyororo ya zamani, likakatika. Lingine, likakatika. Prayong aligeuka.

Thawin alikuwa amesimamisha filamu. Kwenye kioo binti wa mpishi amesimama mlango wa jikoni na sahani mkononi, mdomo wazi, hana neno la kusema, na bibi mbele yake anangoja. Thawin hakuwa anawatazama. Alikuwa amegeukia jikoni, mkono wake wa kushoto ameunyoosha hadi waya ukakazika na kuinuka kutoka sakafuni, maiki imemwelekea mke wake, yasmini inaning'inia.

Jibu hilo la binti, Prayong alikuwa amelisikia msimu baada ya msimu, akigeuza ndizi. Alijifuta mikono kwenye nguo yake, upande mmoja, kisha upande wa pili, akaja.